Mwaka Tuliokata Mbwa

Kibet amezikwa majuzi huko Ziwa, na mimi nilikaa kiti cha mama. Watoto wake walinifuata nyumbani kwa gari, wakanishika huku na huku kama mtu anayebeba yai, wakanipitisha mbele ya wachungaji na wakubwa wa serikali mpaka safu ya kwanza, karibu kabisa na jeneza. Nyuma yangu kijana mmoja akauliza, hata hakupunguza sauti, "Na huyu nyanya Mluhya amekaa hapo kama nani?" Mwenzake akamjibu, "Wewe nyamaza. Huyo ndiye alimnyonyesha." Nikanyoosha shingo. Mimi sina aibu ya kujisifu kwa jambo nililolifanya kwa mwili wangu. Wengine wana vyeti ukutani. Mimi nina watoto wa Kibet, wanaosimama ninapoingia.

Usiku ule sikulia. Nililia asubuhi, nikiwa na chai mkononi, kwa sababu ya redio. Redio ilisema mataifa yote ya dunia yamekaa, yakainua mikono ili vita fulani visimame, halafu taifa moja kubwa likasema hapana, na hiyo hapana moja ikazidi mikono yote. Mjukuu wangu anayesoma hapo chuo cha Chepkoilel akapiga meza mpaka chai ikamwagika. "Kukhu, hii ni baraza gani?" Nikamwambia ninaijua. Nimeishi chini yake. Nimefua damu yake kwenye nguo. Akadhani nimechanganyikiwa na matanga.

Ilikuwa mwaka ule askari walirudi kutoka Burma. Tuliishi kwa kambi ya Kaburu mmoja tuliyemwita Bwana Ndevu, upande wa kaskazini wa Eldoret, mji ambao sisi wafanyakazi tuliuita Sisibo. Kambi yetu ilikuwa chini, vibanda vya mviringo vilivyosongamana kama kuku kwenye mvua, Wabukusu, Wamaragoli, Wateso na Wajaluo wachache, wote watu wa jembe. Juu ya kilima, ng'ambo ya kijito, walikaa Wanandi na ng'ombe wao, ambao Bwana Ndevu aliwaruhusu kulisha kwa sababu wanaume wao walimlimia kwa maksai. Sisi tulikuwa na vishamba vyetu vya mahindi kando ya kijito, na ng'ombe wao walipenda mahindi yetu. Ugomvi wote ulikuwa hapo. Ng'ombe hajui mpaka, na mwenye njaa hajui ng'ombe wa mtu.

Makokha ndiye alileta hiyo maneno ya baraza. Alirudi na kofia ya ukoplo na kovu la risasi shavuni, na kila jioni alikaa mlangoni kwetu na mume wangu Barasa, wakinywa busaa kutoka mkebe mmoja, mimi nikisonga ugali na kusikiliza. Mimba yangu ilikuwa kubwa hata sikuweza kuinama vizuri juu ya sufuria. Makokha alisema huko ng'ambo wazungu wamechoka kuuana, sasa wametengeneza meza moja, mataifa yote yaketi, mwenye kesi aseme, wengine wainue mikono. Hakuna tena kuchinjana. "Sisi pia tufanye," akasema. "Kila kabila kiti kimoja."

Mzee Chumo wa kilimani alikuwa amekuja siku hiyo kumtafuta ndama aliyepotea, akasimama kusikiliza, mkono kwa rungu yake. Akauliza, "Na fimbo ya hiyo meza inashikwa na nani?"

"Wale walioshinda vita, Mzee."

"Wakikataa jambo?"

"Basi jambo limekufa."

Chumo akacheka, meno yote nje. "Kijana yangu, hiyo si baraza. Hiyo ni nyumba ya mtu na wageni wake."

Lakini alikubali kuleta kiti. Hilo watu wanasahau. Wanandi walikuja. Bwana Ndevu naye aliposikia alisema sawa, lakini fimbo itashikwa na nyapara wake, Zakaria. Alisema kwa kile Kiswahili chake cha kukatakata: "Mimi taka mahindi, hapana taka kelele. Zakaria kisema hapana, hapana." Zakaria alikuwa Mbukusu, mjomba wa mume wangu, mtu wa kanisa, mwenye kanzu nyeupe ya Jumapili na kiboko cha siku zingine. Makokha alifikiri afadhali hivyo kuliko kukosa. Alitengeneza viti kwa mikono yake, kwa mbao za masanduku ya dawa ya ng'ombe, akavipanga ndani ya stoo ya magunia. Nikivikumbuka vile viti mpaka leo vinanikasirisha, jinsi vilivyokuwa vizuri.

Mwanzoni ilifanya kazi, sitadanganya. Kesi ya mbuzi, kesi ya mwanamke kutukanwa kisimani, ziliisha kwa maneno. Mtoto wangu Wanjala alizaliwa wakati huo wa amani, na mwanamke wa kilimani aitwaye Tapsubei, mke wa Kiptoo, alijifungua karibu siku zile zile. Tulikutana kijitoni tukifua nguo za watoto. Yeye hakujua Kiluhya, mimi sikujua Kinandi, na Kiswahili chetu wote kilikuwa cha kuomba chumvi tu. Alimtazama Wanjala akasema, "Mnono." Nikamtazama wake, huyo Kibet, nikasema, "Wako pia." Hakukuwa na mengine.

Halafu mahindi yakaanza kubeba. Mchana mmoja nilikuwa nimebandika kunde, Barasa akaingia kibandani bila kuinama vizuri, akagonga kichwa, akakaa chini. Panga ilikuwa mkononi bado. Shati lake lilikuwa jekundu kifuani, nikadhani ni yeye ameumia, nikaanza kumpapasa kutafuta tundu. Akasema, "Si yangu. Nimemkata mtu." Ng'ombe wa Kiptoo walikuwa wameingia mahindini. Barasa akampiga mmoja kwa ubapa wa panga, Kiptoo akaja mbio akamchapa Barasa kwa fimbo mgongoni, mara moja, mara ya pili, na Barasa akageuka. Alimkata shingoni. Kiptoo alitembea hatua chache akishika shingo kama mtu anayezuia kofia isipeperushwe, akalala kwenye mahindi yetu, na mahindi yaliyoangukiwa hatukuyala. Kunde ziliungua. Hiyo harufu ya kunde zilizoungua, hata leo mkaza mwana akisahau sufuria, natoka nje.

Kilimani walianza kupiga mayowe, na vijana wao, mbele yao Kiprono, ndugu ya marehemu, walitaka kushuka saa ile ile. Chumo aliwazuia. Aliwaambia tuna kiti, tutaenda na kiti. Kesho yake wakaja stooni bila silaha. Sisi wanawake hatukuruhusiwa ndani, kwa hiyo nilijibanza nyuma ya mabati, mtoto mgongoni, sikio kwenye tundu la msumari. Walichotaka kilikuwa maisha ya mume wangu, na kila mtu alijua. Lakini Chumo hakuomba kifo. Alisema, "Barasa asimame mbele yetu, akiri, na watu wake walipe ng'ombe wa damu. Tukimaliza hapo, tumemaliza." Nikasikia mikono inainuliwa, maana mikono ina sauti, nguo zinasugua. Mteso akakubali. Mjaluo akakubali. Mmaragoli akakubali. Hata Makokha, aliyekunywa busaa na Barasa mkebe mmoja, akainua mkono kwa kiti cha Wabukusu.

Zakaria akakohoa. "Hapana," akasema. "Barasa ni mtoto wa dada yangu. Hatasimama mbele ya wachunga ng'ombe."

"Nyapara," Makokha akasema, "wote wamekubali."

"Nimesikia. Na mimi nimesema hapana. Bwana alisemaje?"

Halafu sauti ya Chumo, ya polepole: "Basi tumebeba kiti bure." Walitoka mmoja mmoja. Kiprono alikuwa wa mwisho. Alikichukua kile kiti chao, akakipasua kwa goti lake, akavitupa vipande kwenye mavi ya maksai. Mimi nyuma ya mabati nilishukuru Mungu. Mke gani angefanya vingine? Nilikuwa msichana, nilidhani hapana ya mkubwa ni ukuta. Sikujua ni nyasi kavu.

Walishuka Jumapili tukiwa kwenye maombi. Nyimbo zilikuwa bado vinywani mwetu tulipoona moshi. Vibanda vya nyasi vinaungua kama karatasi, unaingia kuchukua blanketi, unatoka huna nyusi. Niliona mwanamke wa Kimaragoli akipigwa rungu akiwa amebeba debe la maji, maji yakaruka juu yakang'aa, naye akaanguka chini yake. Wanaume wetu walitoka na majembe na mapanga, na hapo katikati nikamwona Makokha. Hakuwa na kitu mkononi. Alikimbia kati ya watu, mikono juu, akipiga kelele, "Baraza! Baraza! Turudi barazani!" Mtu aliyepita Burma na risasi shavuni. Mkuki ulimwingia chini ya kwapa, hapo hapo mkono ulipoinuliwa. Sijui ulirushwa na nani. Alikaa chini kama mtu anayekaa kwenye kiti chake, na akafa akionekana kama mwenye kushangaa.

Barasa hawakumpata. Zakaria alikuwa amemficha ndani ya pipa la mahindi kwa boma la mzungu. Waliotafutwa hawakufa, waliokufa hawakutafutwa. Jioni watu wetu wakavuka kijito, wakakata ng'ombe wa kilimani mishipa ya miguu ya nyuma, wakawaacha wanalia wamekaa kama mbwa. Ng'ombe aliyekatwa hivyo analia kama mtu. Ukishasikia husahau. Halafu Bwana Ndevu akaja na farasi na askari polisi, akatulaza sote uwanjani, wa juu na wa chini, wanaume kwa wanawake, tukachapwa kiboko bila kuulizwa jina. Nilichapwa nikiwa nimemlalia Wanjala ili zisimpate. "Nyinyi iko amani sasa," akasema alipomaliza. Akaenda kula.

Amani hiyo ilikuwa ya mtu aliyefungwa mdomo. Watu walichota maji wakiwa na mikuki. Barasa akarudi kibandani tulichokijenga upya, akawa anakula mgongo ukiwa ukutani, na kila mbwa akibweka anaacha tonge njiani. Zakaria akavipanga vile viti tena, akapiga kengele ya baraza, na hakuna aliyekuja. Hata Mteso hakuja. Alikaa peke yake na kiboko chake, kama padre wa kanisa lililohamwa.

Waliokuja kumaliza jambo walikuwa vikongwe wawili. Mmoja alikuwa Rasoa, mkunga wetu, na wa pili mama wa marehemu Kiptoo, mwembamba kama ufito, masikio yaliyotobolewa yakining'inia mpaka begani. Sijui walikutana wapi, nadhani walipookota kuni. Walikumbuka kitu ambacho wanaume wote wenye viti walikuwa wamekiacha. Zamani, kabla ya mzungu, watu wetu na Wanandi walipouana mpaka wakachoka, walimaliza kwa kukata mbwa. Mikuki na miiba inalazwa katikati, mbwa anakatwa vipande viwili juu yake, wazee wanaapa. Halafu mama wa huku na mama wa huko wanapitishiana watoto juu ya mikuki, na kila mmoja anamnyonyesha wa mwenzake. Baada ya hapo hakuna vita, kwa sababu utamuua nani? Mtoto wako yuko kwenye titi la adui.

Rasoa alikuja kwangu nikiwa nameza uji. "Ni wewe," akasema.

"Wako wanawake wengine wananyonyesha."

"Wako. Lakini mume wa nani alikata? Kule juu atakayepokea ni Tapsubei. Wengine hawatatosha."

Barasa akasema haiwezekani, huyo mwanamke atampiga mtoto kwenye mawe. Rasoa hata hakumtazama. "Wewe uko hai kwa sababu ya pipa la mahindi, baba. Pipa litaoza."

Tulikwenda kijitoni asubuhi, umande bado. Miiba ilikuwa imelazwa, na mikuki ya pande zote juu yake, na mbwa mwekundu amefungwa mdomo. Zakaria alifika na kanzu yake, akapita mbele akasema ataongoza. Yule mama wa marehemu akamtazama kutoka juu mpaka chini, akamwuliza kwa Kiswahili cha kuvunjika, "Wewe iko maziwa?"

"Maziwa? Hapana."

"Basi kaa huko na wanaume."

Watu wakacheka, wa juu na wa chini, kicheko cha kwanza tangu mahindi. Zakaria akarudi nyuma. Hapo ndio nilimwona mwanamume mkubwa akipungua.

Walimkata mbwa kwa pigo moja, na damu yake ikaturukia miguuni. Mzee Chumo akaapa, na mzee wetu mmoja akaapa: atakayevunja, naye akatwe hivi. Halafu nikamtoa Wanjala mgongoni. Mikono yangu ilikataa. Kweli, vidole havikufunguka, Rasoa akavifungua kimoja kimoja. Tapsubei alikuwa amesimama upande wa pili, kichwa kimenyolewa kwa ujane, macho yake mahali pengine. Akampokea mwanangu. Akanipa wake. Huyo Kibet niliyemwita mnono alikuwa amebaki macho na mbavu, mwepesi kama kikapu kitupu. Nilipompa titi alilivamia, akanyonya akitetemeka, hata akaniuma.

Na upande wa pili Wanjala akaanza kulia. Alivuta, akaacha, akavuta tena, akalia. Tapsubei akambadilisha titi. Hakuna. Huzuni ilikuwa imemkausha tangu siku ile mumewe alipolala kwenye mahindi yetu. Mtoto wake alikuwa anakufa njaa, maana maziwa ya ng'ombe aliyatapika, na kilimani walikuwa wamelificha jambo hilo kwa aibu. Watu wakaanza kunung'unika. Kiprono akasema kwa sauti, "Mbwa amekufa bure. Sisi hatujafungwa." Na ilikuwa kweli. Wa kwao alikuwa amekunywa kwetu, sisi tumefungwa. Wa kwetu hakunywa kwao. Kiapo kilikuwa na mguu mmoja. Kiprono akamtafuta Barasa kwa macho katikati ya umati, akampata, akachomoa mkuki wake kutoka kwenye miiba, akauondoa mbele ya wote.

Mama wa marehemu akaniambia neno moja tu. "Kesho?"

Nikasema nitakuja.

Nilipanda kilima kila siku miezi yote iliyobaki ya mwaka ule. Nilimnyonyesha Wanjala upande wa kushoto, wa kulia nilimwekea Kibet. Nyumba ya Tapsubei ilikuwa na giza na harufu ya moshi na vibuyu vilivyosuguliwa kwa mkaa. Ananiwekea mtoto mapajani, anageuka ukutani. Wiki nyingi hakunisemesha. Nje nilimsikia Kiprono akinoa, chuma kwenye jiwe, polepole, ili nisikie. Wanawake waliambiana kwa Kinandi, na siku moja nikaelewa neno, kisha maneno mawili. Walisema Kiprono anangoja mtoto aanze kula uji, halafu deni lilipwe. Nikaenda nyumbani nikamwambia Barasa ahame, aende kwao. Akasema akikimbia watamuua ndugu yake badala yake. Tukalala. Kibet akaongezeka mashavu. Kila ninapoona amenenepa, nafurahi na naogopa, vyote viwili kifuani pamoja na maziwa. Siku moja Tapsubei, akiwa bado ametazama ukuta, akasema, "Amecheka jana." Nikasema, "Atakuwa mchokozi." Akanimiminia maziwa ya kibuyu, akaniwekea chini bila kugusa mkono wangu. Nilikunywa mpaka tone la mwisho.

Halafu mvua kubwa zikaja, kijito kikafura, na Barasa akasema atanivusha, jiwe linateleza. Sikumkataza. Alikuwa amevuka nami, suruali imelowa mpaka kiunoni, Wanjala mgongoni mwangu, Kiprono alipotoka kwenye nyasi ndefu. Hakusema kitu. Rungu ilimpata Barasa begani, nikasikia mfupa, akaenda kwa magoti. Kiprono akamwangusha chali, akaweka mguu kifuani mwake, akainua mkuki. Barasa hakuomba. Alinitazama mimi, akasema, "Mchukue mtoto uende."

Sikulia. Ningelia ningekuwa mjane saa hiyo. Nilisogea karibu hata nikasikia jasho la Kiprono, nikamwambia, "Umeona Tapsubei alivyokauka. Alikauka kwa siku ngapi? Langu pia ni titi la mtu, huzuni hulikausha. Ukimmaliza huyu, kesho nitapanda kwenu nikiwa mkavu kama yeye. Sitakataa. Nitakaa, nitamweka Kibet mapajani, na hatapata kitu. Mtoto wa ndugu yako hajajua uji bado. Chagua."

Alipumua kwa mdomo. Mvua ilimtiririka kwenye mkuki mpaka ncha, ikadondoka kwenye shati la mume wangu. Alinitukana kwa Kinandi, matusi niliyoyaelewa yote. Halafu akaushusha mkuki, akaushika mkono wa kulia wa Barasa, ule wa panga, akaulaza juu ya jiwe la kivuko kama mtu anayelaza kuni, akavunja vidole kwa rungu. Vyote. Barasa alipiga kelele mpaka juu wakatoka milangoni. Mimi nilisimama. Nilihesabu hiyo kuwa haki, na sijabadilisha hesabu.

Kiprono akafuta rungu kwenye nyasi. "Imetosha," akasema, si kwangu, kwa kilima. Akageukia njia, akanisubiri. "Twende. Mtoto analia tangu asubuhi."

Nikamwacha mume wangu pale majini ameukumbatia mkono wake, nikapanda nyuma ya mwanamume yule, maziwa yakiwa yameshaanza kunivuja.